Mbu wa Bandarini

Mbu wa malaria tuliyemzoea ni wa shamba. Anataga kwenye dimbwi lililopigwa na jua, kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua, kwenye jaruba la mpunga. Mvua zikikata, naye anapungua. Usiku wa manane anaingia chumbani kumtafuta aliyelala, na hapo ndipo chandarua chenye dawa kinapomnasa. Miaka mingi ya vita dhidi ya malaria Afrika imejengwa juu ya tabia hizo. Tulijua anapozalia, anapolia chakula na ukuta anaopumzikia akishashiba.

Anopheles stephensi hana habari na kanuni hizo. Kwao ni Bara Hindi, Iran na nchi za Ghuba, na huko amezoea kuishi mjini pamoja na watu. Anapenda maji safi yaliyohifadhiwa: pipa la uani, tangi la zege lililochimbiwa ardhini, tangi la plastiki juu ya paa ambalo mfuniko wake umepasuka, shimo la maji ya kujengea ghorofa. Kiangazi hakimtishi. Mabomba yakikauka watu huhifadhi maji zaidi, naye anapata mahali zaidi pa kutaga. Huanza kuuma mapema jioni, watu wakiwa bado barazani, na akishashiba aghalabu huenda kujilaza zizini badala ya kukaa kwenye ukuta uliopuliziwa dawa ukoko. Tena amewasili Afrika akiwa tayari sugu kwa viuatilifu vingi tunavyovitegemea. Ni mbu aliyesoma mitihani yetu kabla hatujaitunga.

Djibouti ndiyo iliyoonja kwanza. Mwaka 2012 nchi hiyo ilikuwa imekaribia kuiaga malaria. Wagonjwa walioripotiwa walikuwa 27 tu. Mwaka huohuo mbu huyu alitambuliwa katika mji mkuu, ambao ni bandari inayoihudumia Ethiopia isiyo na pwani. Kufikia 2020 wagonjwa walizidi 73,000, katika nchi yenye watu takriban milioni moja. Si haki kumbebesha mbu mmoja mzigo wote, kwa sababu wahamiaji wengi hupita pale, na hesabu zenyewe huboreka nchi inaposhtuka. Lakini tazama Dire Dawa, mji wa Ethiopia ulio kwenye reli ya kwenda Djibouti. Mwaka mzima wa 2019 uliripoti wagonjwa 205. Kati ya Januari na Mei 2022 waliripotiwa zaidi ya 2,400, na mlipuko wenyewe ulianza wakati wa kiangazi. Watafiti walipozifuata nyumba za wagonjwa, karibu mbu wote wazima wa jamii ya Anopheles waliowakamata walikuwa stephensi, na baadhi yao walibeba vimelea.

Tangu alipotambuliwa Djibouti, mbu huyu amepatikana pia Sudan, Somalia, Eritrea, Nigeria na Ghana. Mwanzoni mwa 2023 Kenya ilitangaza kumkuta Marsabit, katika maeneo ya Laisamis na Saku. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalisema kwamba akiachwa aenee atawatia hatarini watu wengine milioni 126 wa mijini Afrika.

Sasa jiulize utampataje. Chandarua kinasaidia, ila yeye anauma kabla ya saa ya kulala. Dawa ya kuua viluwiluwi inafanya kazi ukilijua kila pipa. Lakini nani anayajua mapipa yote ya mtaa wa watu laki moja? Bwana afya atabisha hodi milango mia kwa siku. Mmoja umefungwa, wa pili mwenye nyumba amesafiri, wa tatu tangi liko juu ya paa na ngazi hakuna. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu wamegeukia njia ambayo mwanzoni inasikika kama mzaha: kumtumia mbu mwenyewe. Dume haumi, anaishi kwa maji ya maua na utomvu. Kazi kubwa ya maisha yake mafupi ni kumtafuta jike, na katika kazi hiyo hakuna bwana afya anayemfikia. Jike aliyezaliwa katika tangi usilolijua, dume atamjua.

Wazo hili si geni pwani yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kisiwa cha Unguja kilikuwa bado na mbung'o, waliokuwa wakiwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Tanga kikajengwa kituo cha kuwafuga kwa wingi. Madume walipigwa mionzi wakawa tasa, wakapakiwa kwenye ndege ndogo, wakamwagwa juu ya kisiwa wiki baada ya wiki. Kati ya 1994 na 1997 waliachiwa zaidi ya milioni nane, na mradi ulisimamiwa kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alikamatwa mwaka 1996. Jike aliyepandwa na dume tasa alikuwa amekwishapoteza nafasi yake, kwa sababu kwa kawaida mbung'o jike hupandwa mara moja tu maishani. Nashangaa kila ninapoona mjadala wa mbu wa maabara ukiendeshwa kana kwamba Afrika Mashariki haijawahi kuachia wadudu waliofugwa kituoni. Imewahi, na ng'ombe wa Unguja ni mashahidi.

Mbu, hata hivyo, si mbung'o. Mbung'o jike hulea kiluwiluwi kimoja kimoja tumboni, kwa hiyo ukimpotezea uzazi mmoja umempunguzia mengi. Mbu jike hutaga mayai mia na zaidi kwa mkupuo. Halafu mionzi inayomfanya mbu dume kuwa tasa humdhoofisha pia, na dume dhaifu hashindani na madume wa mtaani. Hapo ndipo uhandisi jeni ulipoingia: badala ya kumchoma dume kwa mionzi, mpe jeni itakayofanya kazi kwa watoto wake.

Njia iliyofika uwanjani Djibouti ni ya kampuni ya Uingereza, Oxitec. Mbu huwekewa jeni ambayo ndani ya mwili wa jike hutengeneza protini kupita kiasi mpaka seli zinashindwa kufanya kazi nyingine, naye hufa akiwa bado kiluwiluwi. Ndani ya dume jeni hiyo hukaa kimya. Maabara, ambako majike wanahitajika ili ukoo usikatike, huongezwa kizuizi kwenye maji. Kwa mbu wa dengue waliotengenezwa na kampuni hiyohiyo, kizuizi ni antibayotiki ya jamii ya tetrasaiklini. Kwa kizazi cha kuachiwa, kizuizi kinaondolewa na kinachobaki ni madume peke yao. Wanapanda majike wa mtaani. Watoto wa kike wanakufa majini. Watoto wa kiume wanaishi, wanabeba jeni, na wao pia wanapanda.

Hapa inafaa kutulia na kupiga hesabu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Jeni ya kawaida hurithiwa na nusu ya watoto. Dume aliyeachiwa ana nakala mbili, kwa hiyo watoto wake wote wanaipata. Watoto wake wa kiume wana nakala moja moja, kwa hiyo wajukuu wanaoipata ni nusu, vitukuu nusu ya nusu, na katika kila kizazi majike wanaoirithi wanakufa nayo. Ukiacha kuachia madume wapya, jeni inafifia kama rangi kwenye shuka inayofuliwa kila wiki. Kinyume chake pia ni kweli: ukitaka mbu wabaki wachache, lazima uendelee kuachia. Ni mfano wa kodi ya nyumba, unalipa kila mwezi na siku ukiacha unahama.

Mei 2024, katika kitongoji cha Ambouli kando ya jiji la Djibouti, makumi ya maelfu ya madume wa aina hiyo waliachiwa. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika Mashariki kuachia mbu waliobadilishwa jeni, na mara ya pili barani baada ya Burkina Faso mwaka 2019. Mradi unaitwa wa "mbu rafiki". Jina hilo silipendi. Mtu anayemwita mbu rafiki ameshaanza kuuza kabla hajaeleza, na mzazi aliyelaza mtoto wodini kwa malaria ana haki ya kuelezwa kwanza.

Ushahidi mzuri zaidi wa njia hii unatoka kwa mbu mwingine, Aedes aegypti wa dengue, katika mji wa Indaiatuba nchini Brazil. Huko kampuni na washirika wake waliripoti kupunguza mbu hao hadi asilimia 96 katika maeneo yaliyoachiwa madume. Lakini Indaiatuba haitoshi kuielezea Djibouti. Mayai ya Aedes huvumilia kukaushwa kwa miezi, kwa hiyo yanaweza kusafirishwa kwenye kisanduku. Mwenye nyumba anatia maji tu na kusubiri madume watoke. Mayai ya Anopheles hayavumilii kukauka namna hiyo. Unahitaji kuwafuga mbu karibu na mahali pa kuwaachia: jengo, umeme usiokatika, watu waliofunzwa, chakula cha viluwiluwi kila siku. Na kuna daraja jingine ambalo wasimuliaji wa habari hulivuka kwa kuruka. Kupungua kwa mbu ni jambo moja, kupungua kwa wagonjwa ni jambo la pili. Mbu wachache wanaoishi muda mrefu wanaweza kuendeleza malaria vizuri tu. Atakayetuambia mtaa umepona aje na daftari la zahanati. Mtego wa mbu peke yake hautoshi.

Njia ya pili ni mnyama tofauti kabisa, ingawa magazeti huwafunga kamba moja. Inaitwa msukumo wa jeni. Mwaka 2003 Austin Burt wa Imperial College London aliandika kwamba ingewezekana kutengeneza jeni inayojinakili yenyewe na hivyo kukwepa sheria ya nusu kwa nusu. Chombo cha kufanyia kazi hiyo kwa urahisi kilipatikana baadaye, nacho ni Krispa (CRISPR), mkasi wa kukata jeni. Chukulia kwamba kila kiumbe ana madaftari mawili ya urithi, moja la baba na moja la mama. Jeni ya msukumo imeandikwa kwenye daftari moja, na inakuja na karani wake. Karani anafungua daftari la pili, ukurasa uleule, anaukata. Seli inaona pengo, inahangaika kuliziba, na njia ya karibu ni kunakili kutoka daftari la kwanza. Sasa maandishi yako kote kuwili. Watoto karibu wote wanayapata, na ndani ya kila mtoto karani anaanza kazi upya.

Mwaka 2018 timu ya Andrea Crisanti, wa chuo hichohicho cha London, iliuelekeza msukumo huo kwenye jeni inayoamua jinsia ya mbu wa Afrika, Anopheles gambiae. Jike mwenye nakala moja aliishi kama kawaida na kuisambaza. Jike mwenye nakala mbili alitoka nusu dume nusu jike, hawezi kuuma wala kutaga. Ndani ya vizimba vya maabara ukoo mzima ulitoweka kati ya kizazi cha saba na cha kumi na moja. Wengine hawataki kumuua mbu. Wanataka aendelee kuishi bila kubeba malaria. Mwaka 2015 watafiti wa California walimwekea stephensi huyuhuyu msukumo unaobeba kingamwili dhidi ya vimelea, na ulirithiwa na zaidi ya asilimia 99 ya watoto. Na Bagamoyo, kwenye maabara ya Taasisi ya Afya Ifakara, wanasayansi wa Kitanzania wametengeneza gambiae wanaotoa chembe mbili za kuzuia vimelea, moja asili yake ni ngozi ya chura wa Afrika, nyingine ni sumu ya nyuki. Matokeo yaliyochapishwa mwishoni mwa 2025 yalionyesha kwamba wanazuia vimelea vilivyotoka kwenye damu ya watoto wa Tanzania wenyewe. Mbu hao hawajatoka nje ya kuta, na peke yao hawawezi kuendesha msukumo.

Sasa turudi bandarini, maana hoja yangu iko huko.

Wanaotetea njia za jeni kwa stephensi huanza na sababu nzito: huyu si wetu. Ukimwondoa Djibouti au Marsabit, huondoi kitu ambacho ndege, popo na samaki wa hapa wamekitegemea tangu enzi. Unarudisha hali ya juzi. Tena hazaliani na gambiae, kwa hiyo jeni utakayomwekea haitavuka kwenda kwa mbu wetu wa asili. Hoja zote mbili nazikubali. Lakini watu huzitumia kutetea kila kilichotengenezwa maabara, na hapo ndipo ninaposimama.

Wataalamu wanashuku kwamba mbu huyu alifika kwa njia za biashara: vyombo vya bahari, mifugo, maji yaliyohifadhiwa ndani ya meli. Kama ndivyo, basi kumbuka kwamba vyombo hivyo huenda na kurudi. Mtu wa Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa. Jahazi lililoleta tende lilirudi na boriti. Msukumo wa jeni uliowashwa Djibouti unaweza kupanda chombo na kushuka Mumbai au Bandar Abbas, mahali ambapo stephensi ni mwenyeji. Huko hoja ya ugeni inakufa. Kiumbe kingeondolewa kwao kwa uamuzi wa watu walio ng'ambo ya bahari, bila wenye nchi kuulizwa. Kwa hiyo ugeni wa mbu huyu, ambao ndio sababu bora ya kumwachia dume wa Ambouli, ndiyo sababu mbaya zaidi ya kumwachia msukumo wa jeni. Njia inayofifia yenyewe inamfaa mgeni. Njia inayoenea yenyewe, kama itafaa popote, ni kwa mwenyeji kama gambiae, ambaye makazi yake yote yako ndani ya bara moja na nchi zake zinaweza kukaa mezani pamoja.

Hata njia inayofifia haifutiki bila alama. Mwaka 2019 jopo la watafiti liliripoti kwamba mjini Jacobina, Brazil, ambako Aedes wa kizazi cha awali cha Oxitec waliachiwa kati ya 2013 na 2015, sehemu ya mbu wa mtaani walikuwa wamerithi vipande vya urithi wa mbu wa maabara. Vipande hivyo ni vya ukoo wa kawaida. Jeni ya kuua haikuwamo. Baadhi ya waandishi wenyewe waliupinga uandishi wa ripoti hiyo, na jarida likaiwekea tahadhari. Ukiyasoma yote kwa utulivu, unaona kwamba madhara hayakuonyeshwa, ila ahadi ya kwamba hakuna chochote kitakachobaki ilikuwa imetolewa kwa haraka mno.

Na ahadi za haraka ndizo huua miradi hii, hata kuliko upinzani. Katika miaka ya 1970 kitengo kilichoungwa mkono na Shirika la Afya Duniani kilikuwa Delhi kikijiandaa kuachia madume tasa mjini Sonepat. Fedha zilitoka Marekani, maelezo kwa wananchi yalikuwa haba, na tuhuma zikaenea kwamba hayo ni majaribio ya silaha za vijidudu. Mwaka 1975 mradi ulifungwa. Burkina Faso imefuata njia inayofanana nayo: Agosti 2025, siku chache baada ya mbu wa mradi wa Target Malaria kuachiwa kijijini Souroukoudingan, serikali ilisimamisha shughuli zote. Kwa njia ya msukumo, kusimamishwa ghafla baada ya kuachia hakuna maana, kwa kuwa kilichotoka hakirudi. Kwa njia inayofifia, kusimamishwa ghafla kuna maana ya mbu kurudi kama walivyokuwa na fedha kupotea.

Ndiyo maana suala la kodi, yaani gharama ya kuachia madume bila kukoma, linanitia wasiwasi kuliko suala la jeni. Miradi kama ya Djibouti imetegemea fedha za wahisani, wakiwemo Wakfu wa Gates. Mwaka 2025 Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, nchi nyingi za Afrika zilijifunza ndani ya wiki chache jinsi mpango wa malaria unavyoweza kubaki na vyandarua bandarini bila mtu wa kuvigawa. Kiwanda cha kufuga madume kikifungwa miezi mitatu, stephensi hatasubiri bajeti ijayo.

Kuna kisa kimoja cha kale kinachonifanya nisikate tamaa. Machi 1930 Raymond Shannon, mtaalamu wa wadudu, aliwakuta viluwiluwi wa mbu wa Afrika mjini Natal, kaskazini mashariki mwa Brazil. Inaaminika walivuka Atlantiki kutoka Dakar kwa boti za kasi za Wafaransa zilizobeba barua. Mlipuko wa kwanza ulidhibitiwa Natal kwenyewe. Mbu wakasonga polepole kuelekea bara, na kwa kuwa hapakuwa na kelele, hapakuwa na bajeti. Mwaka 1938 malaria ililipuka katika bonde la Jaguaribe na kwingineko, ikaua watu wasiopungua 14,000. Hapo ndipo serikali ya Getúlio Vargas na Wakfu wa Rockefeller walipomkabidhi Fred Soper jeshi la wakaguzi. Walipita dimbwi kwa dimbwi wakinyunyiza sumu ya kijani ya shaba na aseniki, walipulizia dawa magari barabarani, na kufikia mwisho wa 1940 mbu yule hakuonekana tena Brazil.

Soper hakuwa na jeni yoyote. Alikuwa na mbu mgeni ambaye bado hajajaza nchi, ramani ya kila dimbwi, na mamlaka ya kuingia nyumba ya mtu bila kuulizwa. Mamlaka hayo leo hatuyataki, na sumu yake hakuna atakayeimimina kwenye tangi la maji ya kunywa. Dume wa maabara anaweza kuziba pengo hilo, kuingia pasipoingilika, ilimradi kabla ya kumwachia kuna mtu aliyekwishapanda kwenye paa kuhesabu matangi. Shannon aliwakuta viluwiluwi wake miaka minane kabla ya Jaguaribe. Tangazo la Marsabit lilitoka mwaka 2023.